Ukaguzi na Ugezi wa Theodolaiti kwa Upimaji wa Pembe katika Maeneo ya Milimani

IKISIRI

Makala hii inafafanua namna theodolaiti inavyokaguliwa, inavyorekebishwa na inavyogezwa ili pembe zinazosomwa kwayo ziwe za kuaminika. Mkazo umewekwa kwenye swali moja: je, kifaa kilichofaulu jaribio kwenye uwanja tambarare kinaweza kuaminiwa mlimani bila jaribio jingine? Makala inabainisha kwamba makosa ya kifaa yamegawanyika katika mafungu mawili: yale yanayofutika mpimaji anaposoma kwa nyuso zote mbili za darubini, na yale yasiyofutika hata kama usomaji utarudiwa mara nyingi. Mwinamo wa mhimili wima umo katika fungu la pili, na athari yake hukua kadiri darubini inavyoinuliwa. Kwa kuwa jaribio sanifu la pembe mlalo hufanywa kwa shabaha zilizo takriban katika usawa mmoja na kifaa, mwinamo huo haudhihiriki humo. Hivyo basi, makala inapendekeza jaribio la nyongeza lenye shabaha ya juu, na inaeleza kumbukumbu zinazopaswa kutunzwa.

1.0 Utangulizi

Upimaji wa ardhi umesimama juu ya vipimo viwili vikuu, yaani urefu na pembe. Urefu ukikosewa kwa sentimita moja, nukta za mbele husogea kwa sentimita hiyo hiyo. Pembe ikikosewa, kosa hukua kadiri mstari unavyorefuka. Sekunde moja ya pembe ni takriban milimita 4.8 kwa umbali wa kilomita moja. Sekunde 20 ni karibu sentimita 9.7 kwa umbali huo huo. Kwa sababu hiyo, kosa lisiloonekana kwa macho ndani ya darubini linaweza kulihamisha jiwe la mpaka kutoka upande mmoja wa kijia hadi upande wa pili.

Katika Afrika Mashariki, umuhimu wa pembe una historia ndefu. Wazo la kupima tao la meridiani ya digrii 30 mashariki, kutoka kusini hadi kaskazini mwa bara la Afrika, lilitolewa na mwanafalaki David Gill mwaka 1879. Sehemu ya Tanganyika ilipimwa katika miaka ya 1930, na Martin Hotine alikuwa miongoni mwa walioiongoza kazi hiyo kuanzia mwaka 1931. Mnyororo mzima wa pembetatu ulikamilika mwaka 1954. Katika kazi ya aina hiyo, urefu ulipimwa moja kwa moja kwenye mistari michache tu ya msingi; pande nyingine zote zilikokotolewa kutokana na pembe. Mfumo wa marejeo wa Arc 1960, uliotumika katika ramani za Kenya, Uganda na Tanzania, unabeba jina la tao hilo hadi leo.

Ni kweli kwamba vipokezi vya setilaiti vimepunguza utegemezi wa theodolaiti. Hata hivyo, katika mabonde membamba, chini ya miti na kwenye miteremko mikali inayoziba sehemu ya anga, mpimaji bado hulazimika kurudi kwenye theodolaiti, hasa ile ya kielektroni inayopima pia masafa. Milima ya Usambara na Uluguru ni mfano mzuri. Huko mashamba ni madogo, mipaka imekaribiana, na mteremko ni mkali. Mgogoro wa mpaka ukifika kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ramani ya upimaji huwa miongoni mwa vielelezo vizito. Mwenye shamba hana uwezo wa kuihoji pembe. Anaweza tu kuonyesha mahali ambapo wazee wake walipanda mti wa mpaka. Kwa hiyo, jukumu la kuihoji pembe humwangukia mpimaji kabla ramani haijachorwa.

2.0 Istilahi Tatu Zinazochanganywa

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno ukaguzi, urekebishaji na ugezi hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Katika makala hii yanatofautishwa kama ifuatavyo.

Ukaguzi ni kitendo cha kutazama iwapo kifaa kinatimiza masharti yake. Matokeo yake ni jibu: kinatimiza au hakitimizi, na kwa kiasi gani. Urekebishaji ni kitendo cha kukibadilisha kifaa, ama kwa kugeuza skrubu au kwa kuhifadhi thamani ya marekebisho katika kumbukumbu ya kielektroni, ili kosa lipungue. Ugezi ni kitendo cha kuweka uhusiano kati ya thamani inayoonyeshwa na kifaa na thamani ya kipimo rejea, pamoja na kutaja kiasi cha shaka kilichomo. Ugezi wenyewe haubadilishi chochote ndani ya kifaa. Cheti cha ugezi hueleza kifaa kilivyokuwa siku ile na katika hali ile. Si ahadi kwamba kitabaki hivyo baada ya kusafirishwa kwenye gari katika barabara ya vumbi na mashimo.

Pembe ina sifa moja isiyopatikana katika vipimo vingi: duara hujifunga lenyewe. Jumla ya pembe zote kuzunguka nukta moja ni digrii 360, na jumla ya pembe tatu za pembetatu bapa ni digrii 180. Kwa pembetatu kubwa juu ya uso wa dunia huongezeka ziada ndogo, takriban sekunde moja kwa kila kilomita za mraba 197. Sifa hii humpa mpimaji kipimo rejea cha asili popote alipo. Lakini ina hatari yake pia. Mpimaji akizunguka upeo wote na kurudi pale alipoanza, makosa yanayoandamana na kila mwelekeo hujifuta katika jumla. Jumla inaweza kutoka digrii 360 kamili ilhali pembe mojamoja ndani yake si sahihi. Kujifunga kwa duara ni dalili njema, si uthibitisho wa kutosha.

3.0 Mihimili ya Theodolaiti na Masharti Yake

Theodolaiti ina mihimili miwili na mstari mmoja wa kulenga. Mhimili wima hukiwezesha kifaa kuzunguka kulia na kushoto. Mhimili mlalo huiwezesha darubini kuinuka na kuinama. Mstari wa kulenga hupita katikati ya lenzi na kwenye makutano ya nyuzi za kulengea. Ili pembe iwe sahihi, masharti manne ya msingi yanapaswa kutimizwa:

(a) Mhimili wima uwe wima kweli, sambamba na uzi wa timazi.
(b) Mhimili mlalo uwe na pembe mraba na mhimili wima.
(c) Mstari wa kulenga uwe na pembe mraba na mhimili mlalo.
(d) Duara la pembe wima lisome sifuri darubini inapoelekea juu kabisa utosini mwa mpimaji, yaani kwenye zenithi.

Kuna pia masharti ya duara lenyewe: kitovu chake kilingane na mhimili, na migawanyo yake iwe sawa. Aidha, kifaa kisimame juu kabisa ya alama ya kituo. Kifaa kikisogea milimita 2 kando ya alama, na shabaha ikiwa umbali wa mita 50, mwelekeo unaweza kupotoka kwa sekunde 8. Kwa mistari mifupi, kosa hili hushinda makosa mengine yote, hata kama kifaa ni cha daraja la juu.

4.0 Mafungu Mawili ya Makosa

4.1 Makosa yanayofutika kwa nyuso mbili

Mpimaji husoma kwanza duara la pembe wima likiwa kushoto kwake, kisha hupindua darubini, hugeuza kifaa nusu duara na kusoma tena likiwa kulia. Hali hizi huitwa uso wa kushoto na uso wa kulia. Makosa ya sharti (b) na (c) hubadilisha ishara kati ya uso mmoja na mwingine. Kwa hiyo wastani wa masomo mawili huyafuta.

Tuchukue mfano. Shabaha iliyo katika usawa wa kifaa inasomwa 42°17′36″ kwa uso wa kushoto na 222°18′04″ kwa uso wa kulia. Tukitoa digrii 180 kutoka kwenye somo la pili, tofauti ni sekunde 28. Nusu yake, yaani sekunde 14, ndiyo kosa la mstari wa kulenga. Wastani, 42°17′50″, hauna kosa hilo.

Athari ya kosa hili kwenye mwelekeo hupatikana kwa kuligawa kwa kosaini ya pembe ya mwinuko. Katika usawa, athari ni sekunde 14; kwa mwinuko wa digrii 35 ni sekunde 17.1, kwa digrii 60 ni sekunde 28. Hapa pana jambo la kuzingatia. Iwapo shabaha zote mbili za pembe ziko katika mwinuko mmoja, kosa hujifuta katika tofauti ya mielekeo miwili hata kwa mpimaji aliyesoma uso mmoja tu. Katika uwanda wa pwani, mpimaji anaweza kufanya kazi miaka mingi kwa uso mmoja bila kupata dalili ya tatizo. Akipanda mlimani na tabia ile ile, tatizo humngoja huko.

Kosa la mhimili mlalo hufuata tanjenti ya mwinuko. Likiwa sekunde 20, athari yake ni chini ya sekunde 2 kwa mwinuko wa digrii 5, lakini hufika sekunde 11.5 kwa digrii 30. Nalo hufutika kwa nyuso mbili.

4.2 Makosa yasiyofutika kwa nyuso mbili

Mwinamo wa mhimili wima una tabia tofauti. Mhimili huo haubadiliki darubini inapopinduliwa. Umeinama upande ule ule kwa nyuso zote mbili. Athari yake kwenye mwelekeo ni kubwa zaidi pale shabaha inapokuwa kando ya upande wa mwinamo kwa digrii 90, na huongezeka kwa tanjenti ya mwinuko. Ishara yake haibadiliki. Wastani wa nyuso mbili hubeba kosa zima, na wastani wa seti 10 zilizosomwa bila kusawazisha kifaa upya hulibeba vilevile.

Tuseme mhimili umeinama kwa sekunde 30, kiasi ambacho ni mgawanyo mmoja na nusu wa pimamaji lenye migawanyo ya sekunde 20. Kwa shabaha iliyo katika usawa, athari ni sifuri. Kwa shabaha iliyo katika mwinuko wa digrii 20, athari inaweza kufika sekunde 10.9. Kwa umbali mlalo wa mita 800, ambapo mwinuko huo ni sawa na kupanda mita 291, jiwe la mpaka litawekwa milimita 42 kando ya mahali pake. Mwelekeo huo huo ukitumiwa kama marejeo ya mstari wa kilomita 2, mkengeuko unakuwa zaidi ya sentimita 10.

Hali iliyo hatarishi zaidi ni ile ya mpimaji aliyesimamisha kifaa bondeni, akachukua mwelekeo wa marejeo kwenye nguzo iliyo tambarare, kisha akapima mawe yote ya mipaka yaliyo kwenye mteremko wa upande mmoja. Marejeo hayana athari, mawe yana athari kamili. Kinyume chake, katika poligoni inayopanda mlima kwa mstari ulionyooka, athari ya shabaha ya mbele iliyo juu na ile ya shabaha ya nyuma iliyo chini huwa sawa, na hujifuta katika pembe. Kwa hiyo, poligoni inaweza kufunga vizuri ilhali mawe yaliyopimwa kando yake yamepotoka. Mtahini anayekagua kazi kwa kutazama ufungaji wa poligoni peke yake hataliona kosa hilo.

Jambo la msingi linalojitokeza hapa ni kwamba kukubaliana kwa vipimo si sawa na usahihi wa vipimo. Kosa lisilobadilika hufanya seti zote zikubaliane, na makubaliano hayo humpa mpimaji imani asiyostahili kuwa nayo.

5.0 Utaratibu wa Ukaguzi na Urekebishaji

Hatua za ukaguzi zina mpangilio wake, kwa kuwa kila moja huegemea ile iliyoitangulia. Kabla ya yote, kifaa kitolewe kwenye sanduku na kuachwa kivulini kizoee joto la mahali. Kanuni inayotumika ni takriban dakika 2 kwa kila digrii moja ya Selsiasi ya tofauti ya joto. Stendi ya miguu mitatu ikazwe, na mwavuli utumike iwapo jua ni kali.

Hatua ya kwanza ni pimamaji la bamba. Pimamaji huwekwa sambamba na skrubu mbili za kusawazishia na kiputo huletwa katikati. Kifaa hugeuzwa digrii 90 na kiputo huletwa katikati kwa skrubu ya tatu. Baada ya kurudia mara mbili au tatu, kifaa hugeuzwa digrii 180. Kiputo kikihama, kiasi kilichohama ni maradufu ya kosa la pimamaji. Nusu huondolewa kwa skrubu za kusawazishia, na nusu iliyobaki kwa skrubu ndogo za pimamaji lenyewe. Iwapo hakuna nafasi ya kurekebisha, kazi bado inaweza kuendelea kwa usahihi: kiputo kiwekwe pale ambapo hakihami kifaa kinapozungushwa, hata kama pale si katikati. Kinachotakiwa ni kiputo kitulie mahali pamoja, kwani hapo ndipo mhimili umesimama wima.

Hatua ya pili ni mstari wa kulenga, unaokaguliwa kwa shabaha iliyo katika usawa wa kifaa kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 4.1. Usawa unahitajika ili kosa la mhimili mlalo lisijichanganye humo. Mpimaji asiridhike na seti moja. Wastani wa seti tatu au nne hutenganisha kosa la kifaa na kutetereka kwa mkono na jicho.

Hatua ya tatu ni mhimili mlalo, kwa shabaha iliyo juu, angalau digrii 30. Tuseme kwa mwinuko wa digrii 35, nusu ya tofauti kati ya nyuso mbili ni sekunde 23. Sekunde 17.1 kati ya hizo zinatokana na mstari wa kulenga wenye kosa la sekunde 14. Zinabaki sekunde 5.9, tukizigawa kwa tanjenti ya digrii 35, yaani 0.70, tunapata kosa la mhimili mlalo la sekunde 8.4. Hapa inaonekana kwa nini mpangilio ni wa lazima: bila kujua matokeo ya hatua ya pili, hatua ya tatu ingetoa jibu lisilo sahihi. Katika vifaa vingi vya sasa mhimili huu haurekebishwi uwandani. Thamani yake huhifadhiwa kielektroni au kifaa hupelekwa kwa fundi.

Hatua ya nne ni sifuri ya duara la pembe wima. Shabaha ikisomwa 84°12′20″ kwa uso wa kushoto na 275°47′16″ kwa uso wa kulia, jumla ni 359°59′36″. Upungufu wa sekunde 24 hugawanywa kwa mbili, na kila somo huongezewa sekunde 12. Kosa hilo lisiporekebishwa, na mpimaji akasoma uso mmoja, kimo cha nukta iliyo umbali wa mita 500 kitakosewa kwa takriban milimita 29.

Hatua ya tano ni timazi la macho au la leza. Lile linalozunguka pamoja na kifaa hukaguliwa kwa kukigeuza kifaa digrii 180 na kutazama iwapo alama ya chini imehama. Hapa pia kiasi kilichohama ni maradufu ya kosa.

Kuhusu migawanyo ya duara, mpimaji hawezi kuirekebisha. Anaweza tu kuitawanya athari yake kwa kusoma kila seti kwenye sehemu tofauti ya duara. Katika vifaa vya kielektroni, kubadilisha tarakimu ya mwanzo kwenye kioo hakulihamishi duara. Tarakimu hubadilika, sehemu inayosomwa hubaki ile ile. Ili sehemu ibadilike kweli, kifaa na kitako chake havina budi kugeuzwa juu ya stendi, kisha kusawazishwa upya.

6.0 Jaribio Sanifu na Mipaka Yake

Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) lina kiwango namba 17123-3, kilichotolewa mwaka 2001, kinachoeleza majaribio ya theodolaiti uwandani. Katika jaribio kamili la pembe mlalo, shabaha 5 huwekwa kuzunguka kifaa kwa umbali wa kati ya mita 100 na 250. Hufanywa mifululizo 4, kila mmoja ukiwa na seti 3, na kila seti husomwa kwa nyuso zote mbili. Duara husogezwa kwa digrii 60 baada ya kila seti. Idadi hiyo hutoa digrii huru 32. Mchepuko sanifu unaopatikana hulinganishwa na ule uliotajwa na mtengenezaji: kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, usizidi mara 1.20 ya thamani hiyo. Kwa mfano, kifaa kilichotajwa kuwa cha sekunde 5 kinakubalika iwapo jaribio litatoa sekunde 6.0 au pungufu.

Jaribio hili lina ubora wa wazi. Halihitaji maabara, linahusisha kifaa, stendi, mpimaji na hali ya hewa kwa pamoja, na hutoa tarakimu inayoweza kutetewa kitakwimu. Hata hivyo, lina mipaka miwili inayotokana na muundo wake. Kwanza, shabaha zake huwekwa takriban katika usawa mmoja na kifaa. Katika hali hiyo tanjenti ya mwinuko iko karibu na sifuri, na mwinamo wa mhimili wima hauachi alama yoyote katika matokeo. Pili, jaribio hupima mtawanyiko wa masomo, na tumekwisha kuona kwamba kosa lisilobadilika halitawanyi masomo.

Hii si kasoro ya kiwango chenyewe, kwa kuwa kiwango kinajibu swali kilichojiwekea. Kasoro hutokea pale matokeo ya uwanja tambarare yanapochukuliwa kuwa kibali cha kufanya kazi popote.

7.0 Jaribio la Nyongeza kwa Kazi za Milimani

Kutokana na hoja hizo, inapendekezwa kwamba kifaa kitakachotumika kwenye miteremko kipitie jaribio la nyongeza, fupi na lisilo na gharama. Huchaguliwa shabaha mbili: moja katika usawa wa kifaa, nyingine katika mwinuko wa digrii 20 au zaidi. Pembe mlalo kati yake husomwa kwa seti 3 za nyuso mbili. Kisha kitako cha kifaa hugeuzwa digrii 120 juu ya stendi, kifaa husawazishwa upya kwa kuanzia mkao huo mpya, na seti 3 nyingine husomwa. Hatua hiyo hurudiwa mara ya tatu. Usawazishaji ufanywe kwa namna ile ile ambayo mpimaji huitumia kazini, si kwa uangalifu wa pekee wa siku ya jaribio.

Mantiki yake ni hii: pimamaji lenye kosa huuinamisha mhimili kwa upande unaotegemea mkao ambao kifaa kilisawazishwa. Mkao ukihama kwa digrii 120, upande wa mwinamo nao huhama kwa kiasi hicho. Kosa lililokuwa likijificha kwa kutobadilika sasa linalazimika kubadilika. Katika mfano wetu wa mwinamo wa sekunde 30 na mwinuko wa digrii 20, mikao mitatu inaweza kutoa athari za sekunde +10.9, −5.5 na −5.5. Kwa jinsi yoyote mikao itakavyoangukia, tofauti kati ya pembe kubwa na ndogo haitapungua mara moja na nusu ya athari ya juu kabisa, yaani takriban sekunde 16.

Kwa kifaa cha sekunde 5, mchepuko sanifu wa wastani wa pembe wa seti 3 ni takriban sekunde 4.1. Bila kosa la mwinamo, tofauti kati ya wastani mkubwa na mdogo wa mikao mitatu haitarajiwi kuzidi sekunde 14, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Tofauti ikizidi hapo, pimamaji na njia ya kusawazisha vikaguliwe upya. Mwinuko ukiwa mkubwa zaidi, jaribio huwa na nguvu zaidi: kwa digrii 30, mwinamo ule ule hutoa tofauti ya takriban sekunde 26. Zaidi ya hayo, athari tatu zilizotengana kwa digrii 120 hujumlika kuwa sifuri. Hivyo wastani wa mikao yote mitatu hutoa pembe iliyosafishika. Njia ya kugundua kosa ni njia ya kuliondoa pia.

Vifaa vya kielektroni vyenye kisahihishi cha mwinamo cha mihimili miwili hupima mwinamo na kurekebisha masomo vyenyewe. Kosa la sifuri la kisahihishi hicho hufanana na kosa la mhimili mlalo, na hufutika kwa nyuso mbili. Lakini faida hiyo ipo tu iwapo kisahihishi kimewashwa na mwinamo uko ndani ya mipaka yake, ambayo kwa kawaida ni dakika chache tu za pembe. Kisahihishi cha mhimili mmoja hurekebisha pembe wima pekee. Pembe mlalo huachwa kama ilivyo. Kwa hiyo, mpimaji anapaswa kujua kifaa chake kina kisahihishi cha aina gani kabla ya kukitegemea.

8.0 Kumbukumbu za Ukaguzi

Ukaguzi usioandikwa hauna uzito mbele ya mtahini wala mbele ya baraza. Kumbukumbu inayofaa hutaja namba ya kifaa, tarehe, mahali, hali ya hewa, jina la msomaji, masomo ghafi ya nyuso zote mbili, na thamani za makosa kabla na baada ya urekebishaji. Masomo ghafi yasiachwe, kwa kuwa wastani peke yake hauwezi kuhakikiwa na mtu mwingine.

Thamani hizo zikipangwa kwa tarehe, husimulia maisha ya kifaa. Kosa la mstari wa kulenga lenye sekunde 14 lisilobadilika kwa mwaka mzima si tatizo. Linajulikana na linafutika. Kosa la sekunde 3 lililoruka ghafla hadi sekunde 20 kati ya Jumatatu na Alhamisi ni onyo kwamba kifaa kimegongwa au skrubu imelegea, na kazi iliyofanywa kati ya siku hizo inahitaji kupitiwa upya. Uthabiti wa kosa una maana kubwa kuliko udogo wake. Kwa sababu hiyo, ukaguzi mfupi ufanywe kabla ya kazi, baada ya safari ndefu, na mwisho wa kazi. Ule wa mwisho ndio unaothibitisha kwamba ule wa kwanza uliendelea kuwa kweli.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba usahihi wa pembe hautokani na kifaa peke yake, bali na kifaa, njia ya kusoma, na mahali pa kazi kwa pamoja. Makosa ya mstari wa kulenga na ya mhimili mlalo hupimika na hufutika kwa nyuso mbili. Mwinamo wa mhimili wima haufutiki kwa njia hiyo. Hunyamaza kwenye tambarare na kujitokeza kwenye mteremko. Jaribio sanifu lenye shabaha za usawa linabaki kuwa msingi mzuri, lakini kwa kazi za milimani linapaswa kuongezewa shabaha ya juu na usawazishaji wa mikao mitatu.

Kwa watahini, inapendekezwa kwamba tasnifu zinazotumia pembe zilizopimwa kwenye miinuko mikubwa ziambatishe matokeo ya jaribio la aina hiyo, na kwamba ufungaji wa poligoni usichukuliwe kuwa ushahidi wa kutosha. Kwa watafiti, lipo swali linalofaa kufuatiliwa kwa vipimo vya uwandani: ni kiasi gani cha tofauti zinazoonekana kati ya upimaji wa zamani na wa sasa kwenye miteremko kinaweza kuelezwa na mwinamo wa mhimili wima, na ni kiasi gani kinatokana na kuhama kwa mawe yenyewe. Jibu la swali hilo lina uzito kwa yule ambaye shamba lake limepakana na jiwe linalobishaniwa.